Klorini ya Mkuu wa Shule

Mkuu wetu wa shule alikuwa na imani moja iliyonitesa kwa muda mrefu: kwamba gesi ni jambo jepesi.

"Madamu, chuma lazima kitafutwe, shaba lazima itafutwe," aliniambia. "Lakini gesi? Gesi si ni hewa tu? Unaikinga chupani, unafunga, basi."

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pekee wa kemia katika shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, ukishika barabara ya Kyimo. Mkuu alikuwa ameona kwenye simu yake picha ya kabati la huko ughaibuni, lenye vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina elementi yake nyuma ya kioo. Picha hiyo ilimnyima usingizi. Fundi seremala akaitwa, mbao zikapigwa randa, na haikupita muda kabati likawa limesimama ofisini kwake, kwa sababu, alisema, hapo ndipo mgeni anapoanzia. Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa yanakaribia na mgeni rasmi alitakiwa alikute limejaa.

Vitu vigumu vilipatikana upesi. Wanafunzi walileta misumari, nyaya za shaba, vipande vya sufuria na mkaa wa jikoni. Salfa tulikuwa nayo. Mwalimu wa dini alituazima hereni yake ya dhahabu, akawa anapita kila jioni kuichungulia kama bado ipo, mwisho roho ikamshinda akaichukua. Baada ya hapo yakabaki matundu matupu, na mengi ya matundu hayo yalikuwa ya gesi.

Nilipendekeza tuweke kadi: elementi hii ni hatari, haikai kabatini. Mkuu akatikisa kichwa.

"Kabati lenye matundu ni kama mdomo wenye mapengo, Madamu."

Mwalimu wa fizikia, kijana mchangamfu aliyekuwa na jibu la kila kitu, akasema kwa nini tusiweke chupa tupu na kuziandika majina, maana gesi nyingi hazionekani na nani angejua? Ninakiri nililipenda wazo hilo kuliko nilivyoonyesha. Lakini mkuu alimkazia macho. "Mimi sitaki uongo ofisini kwangu. Iwe gesi yenyewe."

Alikuwa mtu mnyoofu. Mtu mwongo ningeelewana naye siku hiyohiyo.

Basi nikaanza na zile zisizodhuru. Neoni niliitoa kwenye testa ya fundi umeme, ile bisibisi yenye kitaa chekundu ndani ya mpini; kile kitaa kidogo ndicho chenye neoni. Agoni ikawa globu ya zamani iliyoungua uzi wake. Mkuu alizitazama akanuna kidogo, akaona nimemletea takataka, mpaka nilipomwambia kwamba hizo ni gesi halisi na zimefungwa kiwandani na watu wanaojua kufunga. Heliamu nilikwenda kuitafuta Mbeya, kwenye maputo ya sherehe. Nilinunua puto moja, nikapanda nalo gari nimelishika kama mtoto, abiria wananipongeza kwa siku ya kuzaliwa. Asubuhi yake puto lilikuwa limelala sakafuni, limenywea.

"Umelitoboa," alisema mwalimu wa fizikia.

"Sijalitoboa. Heliamu inapenya kwenye mpira yenyewe. Wewe ndiye unayefundisha mambo ya chembechembe."

"Sasa si ungeifunga vizuri?"

Kila mtu shuleni alikuwa na la kunishauri. Mwalimu wa taaluma alikuja mara kadhaa kuniuliza kwa nini nahangaika wakati gesi inatoka ardhini hapahapa Rungwe, huko upande wa Kiejo, na watu wanaijaza kwenye mitungi. Nikamweleza kwamba hiyo ni kabonidayoksaidi, ni kaboni na oksijeni zimeungana, si elementi, haina chumba kabatini. Akasema sawa. Wiki iliyofuata akarudi na habari njema kwamba amepata mtu anayefahamiana na watu wa gesi ya ardhini. Mzazi mmoja, mama mzee wa Kyimo, naye alinisimamisha njiani kwa salamu ya kwetu. "Ugonile, mwalimu? Nasikia unatafuta gesi. Kule kwetu kuna bonde kuku akiingia hatoki. Njoo na chupa." Huyo nilimshukuru. Angalau yeye alijua kwamba gesi inaua.

Haidrojeni nilikataa katakata, maana kabati lilikuwa limepakana na meza ambayo mkuu alichemshia maji ya chai. Florini nayo nilikataa. Hiyo hula karibu kila kitu inachogusana nacho, na hata vyuo vikubwa huigwaya. Mkuu alikubali kuzikosa zote mbili kwa urahisi ulionishangaza. Ila klorini hakukubali.

"Klorini iwepo," alisema.

"Mkuu, klorini iliwahi kutumika vitani. Ikiingia mapafuni inayaunguza."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. Wewe ndiye mtaalamu."

Nikamwambia klorini haitengenezwi bila fyumu chemba, lile sanduku kubwa la vioo lenye feni na bomba la kutupa hewa mbaya nje. Akasema si tunalo? Nikaenda naye maabara. Mtunza maabara wetu, mama mpole mwenye mashamba huko Matwebe, alikuwa amelijaza maparachichi. Alisema humo ndani joto ni zuri, yanaiva sawasawa. Feni ilikuwa imekufa, na bomba la nje nyigu walikuwa wamelifanya kwao. Mkuu alichukua parachichi moja akalibonyeza.

"Haya yameiva," akasema. "Toeni. Madamu ana kazi."

Kazi ikawa si ya siku moja. Fundi wa feni alikuja, akaondoka kutafuta kifaa, mvua ikamzuia kurudi. Asiyeijua Tukuyu asinihukumu: kwetu mvua huanza asubuhi kama mtu anayeingia kazini, na ukungu ukishuka watu hufunga madirisha na milango na kujikunja ndani. Kazi ya gesi inataka upepo. Kila nilipofungua dirisha la maabara, baada ya dakika chache nilikuta mtu amelifunga kwa nia njema kabisa. "Tulidhani umesahau, Madamu. Baridi."

Jumamosi moja nilikwenda msibani Matwebe, kwa ndugu wa mtunza maabara. Tulikaa mpaka jioni. Huko nyuma mwalimu wa fizikia, kwa kuwa mkuu alikuwa ameuliza tena habari ya klorini, aliamua kunisaidia. Alichota kemikali stoo na kitabu cha kidato cha tatu akakiweka mezani. Sitaandika hapa alichochanganya na nini, maana najua wapo watakaosoma na kwenda kujaribu jikoni. Alipata gesi, akaikinga kwenye chupa ya soda ya plastiki, akaziba kwa kizibo cha mpira, akamwagia nta ya mshumaa juu yake. Kisha akaipeleka ofisini kwa mkuu, akaiweka kwenye chumba chake kabatini, akafunga kioo, akafunga dirisha, akafunga na mlango. Aliniambia baadaye kwamba alifunga kila kitu kwa ajili ya usalama.

Klorini inakula mpira. Inakula taratibu, lakini inakula.

Jumatatu nilikuwa natembea kwenye korido na madaftari mkononi, nikasikia ile harufu, kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ila kali zaidi, inachoma hadi nyuma ya macho. Nikatupa madaftari. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na mkuu alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, kioo kimefunguliwa, anakohoa kama mtu anayetaka kutapika mapafu. Nilibana pumzi, nikaingia, nikamshika ukosi wa koti na kumburuta mpaka nje. Ni mtu mzito. Alikuwa bado anataka kurudi kufunga ofisi.

Sasa, mtu mwenye akili akiona mwenzake anaburutwa anakohoa, anakimbia. Walimu wenzangu walikuja mbio kuelekea mlangoni. Wakasimama pale wananusa.

"Kuna nini humo?"

"Mbona kama dawa ya choo?"

"Ngoja nione."

"Tokeni!" nilipiga kelele. "Tokeni hapo wote! Msishuke bondeni, pandeni juu! Juu, huko kwenye bendera!" Kwa sababu klorini ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na shule yetu imekaa kwenye mteremko. Wanafunzi walinielewa mara moja, wakapanda. Walimu waliniuliza kwa nini juu. Mwalimu wa fizikia alinishauri nizungushe mtandio puani nirudi kufungua dirisha. Nikamwambia gesi inapita kwenye mtandio kama inavyopita kwenye chujio la chai, na kwamba kama anautaka huo mtandio, ninamvulia hapohapo aingie yeye. Tulilifungua dirisha kwa nje, kwa kulivunja kioo, tukauacha upepo wa mlimani ufanye kazi yake.

Mchana nilipoingia, pazia la bluu la ofisi lilikuwa na michirizi myeupe kama lililoliwa na mchwa wa rangi. Misumari ya wanafunzi ilikuwa imepata kutu ambayo ingehitaji mwaka mzima wa mvua. Nyaya za shaba zilikuwa kijani. Chupa ya soda ilikuwa palepale, imesimama, haina kitu.

Mkuu alipelekwa hospitali ya Igogwe, wakamwekea oksijeni na kumlaza wamwangalie. Nilikwenda kumwona na uchungu wote niliokuwa nao moyoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu njiani. Nilimkuta amekaa kitandani, macho mekundu, ndizi za kuchemsha zimepoa pembeni. Hata sijamaliza kumpa pole, akauliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Madamu, hivi ni kweli ina rangi?"

"Nini?"

"Klorini. Mimi nilifungua kabati, nikasogeza uso, nikatazama vizuri. Sikuona rangi yoyote."

"Ilikuwa imeshavuja, Mkuu. Ilikuwa kwenye hewa, ndiyo iliyokuchoma."

Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. Kisha akanieleza. Shule aliyosoma haikuwa na maabara. Mwalimu wao wa kemia aliwaandikia ubaoni, nao wakakariri wakitembea barabarani: gesi ya kijani-manjano, yenye harufu ya kukaba. Kwenye mtihani likaulizwa swali hilohilo, akaandika, akapata. Alikuja kuwa mwalimu wa jiografia, akawa mkuu wa shule, na bado maneno yale yalikuwa yamo kichwani mwake kama wimbo wa lugha asiyoijua.

"Harufu sasa naijua," alisema. "Bado rangi."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyokwenda, kwa sababu maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa yamenikauka. Ningemkatalia vipi mtu wa namna ile? Na mimi mwenyewe, kama si kusoma chuo chenye vifaa, ningekuwa naimba wimbo uleule kwa watoto wa watu.

Kwa hiyo niliitengeneza. Ila safari hii niliweka masharti yangu, na aliyetaka kubishana nilimwonyesha pazia. Kwanza feni. Fundi alikaa maabara mpaka ilipozunguka, na nyigu walihamishwa. Nilijaribu kwa moshi wa karatasi, nikauona unavutwa na kutokea nje juu ya paa. Maparachichi yalipewa stoo ya michezo. Pili, kioo. Chuoni tulifundishwa kuyeyusha shingo ya bomba la kioo kinene kwenye moto, kuivuta na kuifunga, kioo kikajiziba chenyewe bila mpira, bila nta, bila kizibo. Nilikuwa sijafanya kwa muda mrefu. Nilifanya mazoezi kwa mabomba yenye hewa tu, nayaziba, nayaacha yapoe, nayatumbukiza kwenye maji ya rangi kuona kama yanaingiza. Mengi yaliingiza. Mengine yalipasuka yenyewe usiku kwa kupoa vibaya, na asubuhi mtunza maabara akawa ananipa pole kama niliyefiwa.

Tatu, kiasi. Mkuu alitaka chupa ionekane kutoka mlangoni. Nikamwambia atapata kiasi cha kidole kidogo, tena bila mgandamizo, gesi iliyotulia tu. Nne, siku kavu yenye upepo. Hiyo tuliisubiri kuliko yote. Nilikuwa na ndoo ya maji ya magadi pembeni ya kunyonya kitakachozidi, glovu, miwani, na kinyago chenye kichujio cha gesi nilichoazima kwa mtu wa dawa za mashamba, baada ya kusoma kichujio chenyewe kinazuia nini. Wanafunzi niliwaweka mbali, kwenye darasa la juu. Mkuu nilimweka nje, dirishani, upande upepo unakotokea. Alivaa koti na shali kama anakwenda safari.

Bomba la kwanza lilipata ufa shingoni wakati napunguza moto, nikalizamisha kwenye ndoo palepale. Nje nilisikia, "Vipi? Imeshindikana?" Nikachukua la pili; hilo lilifunga. Nililiacha lipoe polepole ndani ya majivu, na kila niliposikia mlio wowote niliinama kuichungulia shingo yake. Mkuu aligonga kioo mara mbili kuuliza bado. Mara ya tatu nilimwonyesha kiganja, kama unavyomzuia mtoto asiguse jiko.

Hatimaye nililiweka ndani ya mtungi mkubwa wa kioo wenye mfuniko wa kubana, chini nikatandika unga wa chokaa inayonyonya klorini, ili kioo kikija kupasuka gesi ikutane na chokaa kabla haijakutana na mtu. Nikaubandika karatasi nyeupe nyuma. Nikamwita.

Aliingia amevua kofia. Akainama, mikono mgongoni, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hafifu hivi," akasema.

"Ndivyo ilivyo, Mkuu."

"Mimi nilidhani kijani. Kijani kama shamba la chai."

Nilitamani kukaa chini kwenye sakafu ya maabara. Nilikuwa nimepitisha majuma na nyigu, mafundi, vioo na mvua, na mtu ananiambia ni hafifu. Lakini hakuondoka. Aliusogeza uso kushoto, akausogeza kulia, akauangalia mtungi na karatasi nyeupe nyuma yake, midomo ikicheza bila sauti. Nikamwacha.

Tukagombana tena kuhusu mahali pa kuuweka. Yeye alitaka ofisini, mimi nikataka maabara, chini, kwenye kasha lenye ufunguo, mbali na jua na mbali na birika lake. Nilishinda. Siku ya mahafali mgeni rasmi aliletwa maabara, akautazama mtungi, akaniuliza kama anaweza kuutikisa kidogo rangi ikolee. Nikasema hapana, mheshimiwa. Akauliza inatumika wapi. Hapo ndipo nilipojiponza. Wazazi walikuwa wamejaa mlangoni, nami nikajibu kwa fahari kwamba klorini hiyohiyo, kwa kiasi kidogo sana, ndiyo inayotiwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu.

Kufika Jumanne wanafunzi walikuwa wameacha kunywa maji ya bomba la shule. Walishuka bondeni na ndoo kuteka maji ya kijito, wanakopita ng'ombe. Nilipowauliza, msichana wa kidato cha pili alinijibu kwa adabu zote:

"Shikamoo, Madamu. Nyumbani wamesema ile gesi iliyomlaza Mkuu, mwalimu wa kemia mwenyewe amesema wanaitia kwenye maji."

Asubuhi iliyofuata niliomba nafasi mstarini. Nilieleza habari ya dozi: chumvi kijiko kimoja ni ladha ya mboga, kilo ni maradhi. Nilieleza kwamba klorini ikishaingia majini kwa kipimo si ile gesi ya chupani tena, na kwamba kijito kitawaletea kipindupindu ambacho hakina rangi ya kijani wala ya manjano. Nyuso zilinitazama zote, zimefungwa. Mkuu akaja kusimama kando yangu kunisaidia. Akasafisha koo, akasema kwa sauti yake kubwa na ya kweli kabisa:

"Mwalimu anasema sawa. Ni sumu kali. Mimi mwenyewe imenilaza."

Kisha akarudi nyuma, ameridhika.

Nilimtuma mtunza maabara aniletee bilauri. Nikaenda bombani mbele ya shule nzima, nikaijaza mpaka ikamwagika, nikanywa yote bila kupumzika. Maji ya Tukuyu asubuhi yanauma meno. Nilipoishusha, kaka mkuu aliinua mkono.

"Madamu, samahani. Na kesho utakunywa tena? Maana sumu nyingine huchelewa."

Nikamwambia nitakunywa. Kesho yake, mvua inanyesha, nikawakuta wamejipanga pembeni ya bomba wananisubiri, miavuli juu, na bilauri wameshaiosha.